Laptopu 6, watoto 70 na kitu, mnafanyaje?

mwl_mkinga: Wadau habari zenu. Mi nafundisha la pili huku Mkinga, tumepata laptopu 6 za msaada, umeme wa sola tu, nikaweka gemu za kuhesabu sasa dogo mmoja akishika mausi haachii, wenzie wanachungulia mabegani na wale wakimya wa nyuma hata kibodi hawajaigusa. Nifanyeje jamani?

mama_pangani: Pole mwalimu. Mi nawapanga watatu watatu, mmoja anabonyeza, mwingine anasoma kwa sauti, wa tatu anaandika jibu kwa chaki, nikipiga kofi wanabadilishana. Waliobaki wako chini ya mwembe na vizibo vya soda wanajumlisha zamu yao ifike. Kelele ni balaa ila kelele za hesabu mi sina shida nazo 😂

fundi_sola: Gemu zenyewe za lugha gani? Kama Kiingereza hapo ndo unapotea, wanabonyeza kwa kubahatisha tu. Programu za kujifunzia za Kitkit School na onebillion, zilizoshinda shindano la kimataifa la XPRIZE 2019, zilijaribiwa hapahapa mkoani Tanga, vijiji kama 170, kwa Kiswahili na bila intaneti, ila zile ni za vishikwambi. Kwa laptopu weka GCompris, programu ya gemu za masomo za watoto, ya bure, haili bando. Na funika mashine na kanga, vumbi la huko nalijua.

mwl_mkinga: Kumbe! Ni Kiingereza kweli. Jumamosi nashuka Tanga mjini, fundi niwekee kwenye flashi basi.

fundi_sola: Njoo nayo, ila isiwe na virusi kama ya mwalimu mwenzio.