UKOO WA MWALIMU ELINAJA 🎹: Sherehe ya tarehe 7 Mei

*Jumapili, 12 Aprili*

Aikande (Hamburg) 19:42
Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Naandika tena kwa sababu ujumbe wa Alhamisi mmeusoma wote mkanyamaza. Tarehe 7 Mei Shangazi Anaeli anatimiza miaka 70, na siku hiyohiyo Baba Mdogo Nathan anatimiza 63. Napendekeza sherehe MOJA, pale nyumba kubwa, Marangu. Tiketi nimeshakata, kwa hiyo msiniambie habari za mwakani.

Aikande (Hamburg) 19:46
Na namna ya kuipamba nimeipata. Johannes Brahms, mtunzi wa muziki, kazaliwa hapahapa Hamburg tarehe 7 Mei 1833. Mtunzi mwenzake, Pyotr Ilyich Tchaikovsky, kazaliwa Votkinsk, Urusi, tarehe 7 Mei 1840. Shangazi na Baba Mdogo wamepishana miaka mingapi? SABA. Na hawa nao saba. Jamani!

Joshua Arusha 19:51
Kwa hiyo Baba Mdogo ndiye Chai-kofi-ski. Unakaribishwa chai, unaondoka na kofi 😂

Gladness 19:52
😂😂😂😂

Joshua Arusha 19:52
Baba Mdogo shikamoo, natania.

Aikande (Hamburg) 19:58
Joshua, tulia. Nyimbo ni mbili. Ya kwanza Zaburi ya 84, "Maskani zako zapendeza kama nini". Ni sehemu ya nne ya Rekwiemu (misa ya wafu) ya Kijerumani ya Brahms. Maneno ya misa ya Kilatini aliyaacha kabisa, akachagua mistari yake mwenyewe kwenye Biblia ya Luther. Mama yake alikuwa amefariki 1865, na Ijumaa Kuu ya 1868 kazi hiyo ikaimbwa kanisa kuu la Bremen. Sisi Walutheri wa Marangu tunakosaje hapo?
Ya pili "Baba Yetu" ya Tchaikovsky, iko kwenye Liturgia yake, yaani nyimbo za ibada ya Kiorthodoksi, ya mwaka 1878. Sauti tupu, maana Waorthodoksi wa Urusi hawatumii kinanda kanisani.

Gladness 20:03
Afadhali hiyo isiyotaka kinanda 👀

Aikande (Hamburg) 20:03
Gladness, tusianze.

Aikande (Hamburg) 22:15
Mbona kimya? Mchango ni elfu hamsini kila nyumba. Nani anapokea?

*Jumatatu, 13 Aprili*

Aikande (Hamburg) 06:10
Watu 34 kwenye kikundi. Waliojibu ni Joshua, na kajibu utani.

Elia 06:31
Dada shikamoo. Samahani, ila hao wawili kusema kweli hawakuzaliwa tarehe moja. Tchaikovsky kwao aliandikwa 25 Aprili. Urusi ilikuwa bado inafuata kalenda ya Julius, na karne ile ilikuwa nyuma ya Ulaya kwa siku 12. Waliibadilisha Februari 1918, na yeye kafariki 1893.

Joshua Arusha 06:34
Safi sana. Baba Mdogo ale ndafu tarehe 25 Aprili, na tarehe 7 Mei ale nyingine. Elia mtoto mwema, umesomeshwa ukasomeka.

Godlisten 06:35
Naunga mkono hoja ya ndafu mbili

Aikande (Hamburg) 06:40
Siku ni ileile, Elia. Jua lililochomoza Votkinsk ndilo lililochomoza huku, ni makarani tu walioandika tofauti. Tena mwenyewe alijua. Mwaka 1891 alialikwa New York kufungua ukumbi wa Carnegie Hall. Tarehe 7 Mei kule Marekani alisimama mbele ya okestra kuongoza Suiti yake ya Tatu, na kwenye shajara akaandika kwamba leo ametimiza 51.

Gladness 06:44
Maskini, besdei yake na yuko kazini

Shangazi Anaeli 07:02
Wengine tulitimiza 60 tukiwa jikoni.

Joshua Arusha 07:03
😬

Joshua Arusha 07:03
Mimi naingia barabarani, tuonane jioni

Aikande (Hamburg) 07:09
Shangazi shikamoo. Safari hii tunaita wapishi, wewe utakaa kwenye kiti.

Shangazi Anaeli 07:20
Marahaba. Hata safari ile niliambiwa nitakaa kwenye kiti. Wageni mia, sufuria ya mtori naikoroga mimi, huku nje nasikia mchungaji anamwombea Nathan. Nathan akapewa ng'ombe wa maziwa. Mimi nikapewa doti ya kanga. Keki ilikuwa na jina moja.

Baba Mdogo Nathan 09:48
Dada, habari ya keki nilishaieleza. Mwokaji alikosea.

Shangazi Anaeli 09:49
Alikosea jina langu. La kwako alilipata.

Mama Mdogo Upendo 10:15
Na yule ng'ombe, kwa faida ya wasiojua, ulikuwa mchango wa wanakwaya kwa mwalimu wao. Haukuwa wa ukoo.

Shangazi Anaeli 10:16
Sawa.

*Jumanne, 14 Aprili*

Aikande (Hamburg) 20:20
Wapendwa. Nimeongea na Shangazi kwa simu. Hajakataa. Naomba niwasimulie jambo moja kabla hatujarudi kwenye mchango, kwa sababu nadhani mmenielewa kuwa nataka kuwachanganya watu wawili chungu kimoja.
Hao wawili walikuwa hawaelewani. Oktoba 1886 Tchaikovsky alipiga kazi za Brahms nyumbani kwake, kisha akamtukana kwenye shajara, eti hana kipaji hata chembe, sifa anazopewa ni za bure. Halafu tarehe 1 Januari 1888 wakakutana Leipzig, nyumbani kwa mpiga fidla Adolph Brodsky. Tchaikovsky anaingia, anamkuta Brahms anafanya mazoezi ya trio yake, muziki wa wapigaji watatu. Ilipoisha, Mrusi hakusema kitu.

Joshua Arusha 20:22
1 Januari! Besdei ya Baba Mkubwa, ya marehemu Babu na ya nusu ya Marangu. Karani wa shule alikuwa na tarehe moja tu kwenye droo

Gladness 20:22
😂😂 na ya mama yangu

Elia 20:23
Na ya dereva wetu wa hosteli

Aikande (Hamburg) 20:29
Mnaniruhusu nimalize? Mezani aliketishwa Nina Grieg katikati yao, mke wa Edvard Grieg wa Norway. Alivumilia kidogo, akainuka, akasema hawezi tena kukaa kati ya watu hawa, wanamtia wasiwasi. Mumewe akasema yeye anao ujasiri, akahamia pale. Basi wakaanza kucheka. Mke wa Brodsky kaandika kwamba walikuwa kama watoto kwenye sherehe, Brahms kalivuta bakuli la jamu ya stroberi, anasema ni lake peke yake.

Godlisten 20:31
Kila ukoo una mtu wa jamu

Joshua Arusha 20:31
Kwetu ni wa utumbo wa mbuzi, na jina simtaji, ila yuko Moshi mjini na ana suruali ya kahawia

Godlisten 20:32
Niacheni

Elia 20:40
Dada, Brahms alitoka familia ya wanamuziki?

Aikande (Hamburg) 20:44
Baba yake Johann Jakob alikuwa anapiga ile fidla kubwa ya besi, ya kusimama. Maisha ya kuungaunga tu, walikaa vichochoroni. Nyumba yenyewe ilibomolewa na mabomu mwaka 1943. Mama yake, Christiane, alikuwa mshonaji, alimzidi mumewe miaka 17.

Joshua Arusha 20:45
@Godlisten umeona? Kumbe inawezekana na mtoto akawa Brahms 😂😂

Gladness 20:45
Joshuaaa 😂😂😂

Godlisten 20:46
Nilisema niacheni. Mama yuko kwenye kikundi hiki.

Mama Godlisten 20:47
Nipo. Nasoma.

Aikande (Hamburg) 20:50
Mchango. Elfu hamsini. Nani anapokea.

*Jumatano, 15 Aprili*

Aikande (Hamburg) 12:05
Aliyelipa mpaka sasa ni Elia, mwanafunzi, elfu kumi. Wenye mishahara mnajiona?

Baba Mdogo Nathan 13:30
Aikande, mwanangu, wazo ni zuri. Hao jamaa waliishia wapi? Walipatana?

Aikande (Hamburg) 13:41
Baba Mdogo shikamoo. Machi 1889 Tchaikovsky alikuja hapa Hamburg kuongoza Simfonia yake ya Tano. Brahms alikuwa aondoke, akaahirisha safari siku moja ili asikilize mazoezi. Wakala pamoja mchana, wakanywa vizuri tu, na Brahms akamwambia machoni kuwa sehemu ya mwisho hakuipenda. Tchaikovsky akamwandikia ndugu yake kwamba mtu huyu anampenda kwa ukweli wake. Muziki wake hakuupenda mpaka mwisho.

Baba Mdogo Nathan 13:44
Huyo ni muungwana.

Shangazi Anaeli 13:50
Alimwambia machoni. Sio kwa kumtuma mtu.

Gladness 13:52
🤐

Elia 14:10
Hata hiyo Liturgia ina kisa. Muziki wa kanisa Urusi ulikuwa chini ya kwaya ya ikulu, hauchapishwi bila mkuu wao kupenda. Nakala zikakamatwa. Mchapishaji wake Jurgenson akaenda mahakamani na akashinda.

Gladness 14:12
Kumbe kitu cha kanisani kikichukuliwa, mtu anaweza kukidai kikarudi

Mama Mdogo Upendo 14:13
Gladness, unamaanisha nini?

Gladness 14:13
Nazungumzia Urusi mama mdogo

Mama Mdogo Upendo 14:14
Kile kinanda kililetwa kwetu kwa matengenezo. Na tumekitengeneza. Kwa pesa zetu.

Joshua Arusha 14:15
Enheee. Simfonia ya Sita hiyo inaanza

Baba Mkubwa 16:37
Wanangu na wadogo zangu, Bwana asifiwe. Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Mimi si mtu wa kuandika sana kwenye simu.
Baba yetu alinunua kinanda kile cha kukanyaga kwa kahawa ya misimu miwili. Sote tulikosa viatu. Hakukinunua kwa ajili ya sebule ya mtu. Anaeli alikipiga akiwa darasa la sita, miguu haifiki vizuri, mimi namsukumia. Nathan alijifunzia mapajani kwa Anaeli. Hili nadhani Nathan umelisahau.
Nyimbo za hao Wazungu ni nzuri, Zaburi ya 84 baba alitufundisha kwa solfa. Lakini sitaimba mpaka kinanda kimerudi nyumba kubwa. Siku hiyo atakipiga Anaeli. Mwiko hatashika.
Aikande, watu wazima huulizwa kabla ya kuunganishwa. Hilo nalo ulitazame.
Nimemaliza.

*Alhamisi, 16 Aprili*

Aikande (Hamburg) 07:30
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimepokea.

Elia 07:55
🙏🏾

Godlisten 08:20
🙏🏾

Baba Mdogo Nathan 21:14
Nimesikia, kaka.

*Ijumaa, 17 Aprili*

Mama Mdogo Upendo 08:40
Kwa heshima zote, shemeji. Hatukatai. Ila tulipojenga varanda, mlango wa sebule ulipunguzwa. Kinanda kiko ndani na hakipiti. Nimepima kwa futi kamba mwenyewe asubuhi hii.

Joshua Arusha 08:41
Naondoka kwenye kikundi nikacheke nje

Mama Godlisten 08:45
Dirisha je?

Mama Mdogo Upendo 08:46
Lina nondo.

Aikande (Hamburg) 08:58
Baba Mdogo, kuna fundi wa kuangalia hizo nondo?

Baba Mdogo Nathan 12:20
Namtafuta. Yuko Rombo mpaka wiki ijayo.

Aikande (Hamburg) 12:31
Sawa. Basi kwa sasa: nota za solfa natuma leo usiku, soprano na alto kwanza, tenor na besi kesho. Tarehe 7 ni Alhamisi, wengi mko kazini, kwa hiyo sherehe Jumamosi tarehe 9. Keki mbili, mwokaji mwingine. Shangazi, nakuuliza sasa mbele ya wote kama nilivyoelekezwa: unakubali iwe sherehe moja?

Elia 12:33
Ikihamia tarehe 9 basi siyo besdei ya Brahms wala ya Tchaikovsky, kwa kalenda yoyote

Aikande (Hamburg) 12:33
ELIA

Joshua Arusha 13:02
Ndafu moja au mbili? Mwenye mbuzi anataka jibu leo, Jumatatu anapeleka mnadani

Aikande (Hamburg) 15:40
Shangazi?

Shangazi Anaeli 18:25
Nitumie kwanza hiyo Zaburi. Nione wamempa nini mpiga kinanda.

Aikande (Hamburg) 18:26
Natuma sasa hivi. Na ile ya Tchaikovsky nitume?

Shangazi Anaeli 18:31
Hiyo mtumie Nathan.

Joshua Arusha 19:10
Jamani mbuzi