Lango la mtandao halisomi vizuri baadhi ya mita za umeme

Swali
Ndugu wanajukwaa, nimefunga lango la mtandao linalokusanya data za mita 9 kwa Modbus RTU (lugha ya mawasiliano ya vifaa, hapa kupitia waya) na kuzipeleka kwenye mfumo wa kusimamia nishati ya jengo kwa Modbus TCP (lugha hiyo hiyo kupitia mtandao wa kompyuta). Mita 3 za mwisho, ambazo ziliongezwa baadaye, hukatika mara kwa mara, na mita ya 4 inaonyesha volti karibu na sifuri ilhali umeme upo. Nianzie wapi?

Jibu la 1
Anzia kwenye waya. Waya wa RS-485, yaani ule unaobeba data za mita, upite mita hadi mita kwa mstari mmoja bila kuchepuka, na rezista za omu 120, zinazozuia mawimbi ya data kurudi nyuma, ziwe kwenye ncha mbili tu. Hakikisha pia hakuna mita mbili zenye anwani moja.

Jibu la 2
Hiyo ya volti si ya waya. Namba ya desimali ya biti 32 hukaa katika rejista (nafasi za kumbukumbu za mita) 2 za biti 16, na lango likizisoma kwa mpangilio uliogeuzwa, volti 230 husomeka kama namba ndogo mno. Badilisha mpangilio huo kwa mita hiyo peke yake. Halafu, Modbus TCP haina nywila, hivyo usiiache porti 502 (mlango wake wa mawasiliano) wazi kwenye intaneti.

Muulizaji
Ahsanteni. Rezista nimeikuta kwenye mita ya 6, ulipoishia mstari wa zamani. Nimeihamishia ya 9 na zote zinasomeka. Volti sasa ni 231.