Waya wa mm 6 unatosha kupandisha zege ghorofa ya tatu?

kisaiti_Kibaha:
Wakuu habari za majukumu. Nina kisaiti cha ghorofa tatu, zege tumechoka kupandisha kwa ndoo, vijana wanalalamika na posho kila siku inapanda, sasa nimechomelea kiwinchi cha injini ya petroli, ule mviringo wa kukunjia waya nimetumia bomba la inchi 3 lililokuwa limebaki, kapi la juu nimelifunga kwenye mirunda. Zege linapanda kwenye pipa la lita 200 nililolikata katikati. Muuza duka kanipa waya wa mm 6, kasema unabeba tani mbili, na mimi mzigo wangu nakadiria kilo 100 tu. Ila jana pipa likiwa katikati ya safari nikasikia waya unalia, nikashusha fasta. Niendelee au nitafute mm 8? Nimeshanunua mita 40 jamani.

Spana17:
Muuza duka hajakudanganya ila hajamalizia sentensi. Tani mbili ndio uzito wa KUUKATA huo waya ukiwa mpya, sio wa kubebea. Kwenye kuinua vitu tunagawanya kwa tano, hapo umebaki na kilo 400. Halafu umefunga jicho, kile kitanzi cha mwisho wa waya, kwa klampu za kubana si ndio? Klampu hata ukizifunga vizuri zinakula kama asilimia 20, kwa hiyo 320.

Sasa turudi kwenye mzigo, hiyo kilo 100 umeitoa wapi kaka? Nusu pipa ni lita 100. Zege mita moja ya ujazo ni kama kilo 2400, piga mwenyewe, ni 240, bado chuma cha pipa na ndoano. Weka 260. Kwenye karatasi bado uko ndani ya 320 lakini huyo kijana wako wa winchi akiachia klachi kwa pupa waya ukiwa umelegea, mzigo ukinyakuliwa ghafla unavuta mara mbili au zaidi, na waya wenyewe hujui ni wa daraja gani maana umekatiwa tu kwenye roli bila cheti. Chukua mm 8. Unakatika kwenye tani 3.5 hivi, toa klampu, gawanya kwa tano, unapata 560. Hapo hata mimi nalala.

MzeeKapi_Tanga:
Wanangu mnajadili waya mmesahau kapi. Winchi iko chini, waya unapanda, unapita kwenye kapi, unashuka kwenye pipa. Upande mmoja unavuta kilo 260, upande wa pili nao unavuta 260 ili kuushika, kwa hiyo ile mirunda yako inabeba 520 sio 260, na hapo hakuna mtu aliyeshtua kitu. Mirunda ya kushikia slabu! Tafuta boriti ya chuma uibane kwenye nguzo ya zege iliyokomaa.

Lingine ni hilo bomba. Bomba la inchi 3 unene wake kwa nje haufiki hata milimita 90, waya wa mm 8 unataka mviringo wa mara 18 au 20 ya unene wake, yaani 150 kwenda juu, bomba la inchi 6 linakufaa. Kapi nalo hivyo hivyo. Ukiukunja waya kwenye kitu chembamba nyuzi za ndani zinachoka na kukatika kimya kimya wewe nje unauona unang'aa. Na pipa likiwa chini kabisa hakikisha mizunguko mitatu imebaki kwenye winchi, isiishe yote. Huo moyo wa kamba ndani ya waya mwingi ni katani yetu hii hii, kazi yake kushika grisi, kwa hiyo waya ukikauka na kushika kutu jua moyo nao umeshakauka.

bonge_la_fundi:
Mnamtisha bure mwenzenu, mimi mm 6 mwaka wa nne huu na vijana wanapanda nao humo humo kwenye pipa 😂

Spana17:
@bonge_la_fundi watu hawapandi kwenye winchi ya zege, kwa mtu hesabu inaanzia kugawanya kwa kumi na kunakuwa na breki ya pili. OSHA, wale wakaguzi wa usalama kazini, wakikukuta utafunga saiti.

kisaiti_Kibaha:
Asanteni sana wazee wangu. Nimeshusha kila kitu. Nimekopa venia, kile kipimo cha unene, nikapima ule waya, mm 5.6! Na klampu nilifunga mbili, moja imeangalia huku nyingine kule.

Spana17:
Umepima kwenye migongo au kwenye mabonde? Venia ikamate migongo miwili inayotazamana. Kama ni migongo kweli basi umepigwa, waya mpya mzuri huwa mnene kidogo kuliko jina lake, hauwi mwembamba. Klampu weka tatu, zote zitazame upande mmoja: kile kipande kizito chenye mifereji kikae kwenye waya unaobeba, U iubane mkia. Achanisha kama sentimita 5, ukishainua mzigo wa kwanza rudi uzikaze tena, zinalegea. Kila asubuhi pitisha macho kwenye waya wote, usipitishe mkono mtupu, nyuzi zilizokatika zinachana. Ukiona umejikunja kama fundo au umevimba kama kikapu, kata utupe.

kisaiti_Kibaha:
Sawa mkuu. Na hizi mita 40 sasa?

MzeeKapi_Tanga:
Mpe mama watoto aanikie nguo.