MREJESHO: Doctor Who haijafa, BBC wamejibu

Wakuu, mrejesho wa lile swali langu, niliuliza kama Doctor Who, ile tamthilia ya BBC ya Uingereza ya Daktari anayesafiri kwenye wakati, ndo imezikwa baada ya Ncuti Gatwa, yule mzaliwa wa Rwanda aliyekuwa anacheza Daktari, kuondoka Mei 2025 bila tarehe ya tamthilia kurudi. Oktoba BBC wakajibu, Disney+ (ile huduma ya kutazama filamu mtandaoni) wamejitoa kwenye ubia ila BBC wenyewe wanaendelea nayo, kuna episodi ya Krismasi 2026 anaandika Russell T Davies, mwandishi mkuu wa tamthilia, na msimu mpya watatangaza baadae. Nimepumua aisee, mi nilikuwa naogopa yasijirudie ya 1989, iliposimamishwa tukakaa mpaka 2005 ndo msimu mpya ukaja. Linaloniumiza sasa ni mwigizaji Billie Piper, anatokea mwisho wa episodi ya mwisho ya Gatwa anatabasamu, majina ya waigizaji yanapita jina lake lipo ila hawajaandika anacheza nani!