Kuandaa gari kwa safari ya masika, Tanga hadi Lushoto

Muulizaji: Habari za jioni, ndugu zangu. Aprili nitampeleka mama Lushoto kwa gari dogo, nami naihofia barabara ya milimani kutoka Mombo mvua inaponyesha, niandae nini?

Jibu la kwanza: Anza na matairi, ndugu. Mifereji yake ikiwa na kina kisichofika milimita 3, yabadilishe, maana tairi kipara huelea juu ya maji badala ya kuyasukuma pembeni. Waipa zijaribu kwa ndoo ya maji. Zangu ziliacha utando mbele ya macho yangu kabisa.

Jibu la pili: Kwenye buti weka pembetatu, tochi, kamba ya kuvutia, maji ya kunywa na kipande cha ubao, kwa kuwa jeki huzama kwenye tope (nilijifunza nikiwa nimelowa chapachapa). Tena ondokeni alfajiri. Udongo ulioporomoka barabarani hauonekani vizuri usiku.

Muulizaji: Ahsanteni. Ubao sikuufikiria.