Kukaanga kahawa nyumbani: karai, mashine ya bisi au pipa la kuzungusha?

BuniMbichi (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Nimeletewa kilo tano za arabika mbichi kutoka Moshi, imekobolewa tayari, na nataka kuanza kukaanga mwenyewe. Hapa nyumbani tunakunywa kahawa za aina mbili. Asubuhi mimi nachuja kwa karatasi na nakunywa bila sukari. Jioni mume wangu anataka kahawa chungu yenye tangawizi, ile ya kunywewa kwenye vikombe vidogo.

Naishi ghorofa ya tatu, jiko langu ni la gesi la plati mbili, dirisha ni moja, na kuna kibaraza kidogo cha kuanikia nguo. Njia ninazozifikiria ni karai, mashine ya bisi ya umeme inayotumia hewa moto, pipa dogo la chuma la kuzungusha kwa mkono juu ya mkaa, au zile mashine ndogo za umeme za kukaangia kahawa zinazoagizwa nje. Naomba ulinganisho kutoka kwa watu wanaokaanga wenyewe: moshi, usawa wa rangi, kiasi kwa mkupuo mmoja, na ladha kikombeni. Ladha ndiyo inayonihusu kuliko vyote.

MangiWaKibosho (Moshi)

Karibu sana dada. Anza na karai, maana hapo unaiona kahawa hatua kwa hatua kwa macho yako, na ukishaijua humo utaikaanga kwenye chombo chochote.

Chukua karai zito la chuma. Sufuria nyepesi ya alumini inaunguza sehemu moja na kuacha nyingine. Kikaango chenye utando wa kuzuia kushika usikiguse kabisa kwa kazi hii, kwa sababu utando ule ukipita nyuzi 260 unaanza kutoa moshi wenye sumu, na chombo kikavu juu ya gesi kinafika huko upesi.

Kabla ya moto, mwaga buni kwenye ungo uchambue. Toa nyeusi, zilizovunjika na zenye matundu ya wadudu. Pasha karai kwa moto wa wastani, weka gramu 150 hivi, usizidishe, kisha koroga kwa mwiko wa mti bila kupumzika. Dakika nne tano za mwanzo utaona kijani kinapauka tu na utasikia harufu ya majani yaliyokatwa. Maji ndiyo yanatoka hapo, usikimbilie kuongeza moto. Baadaye punje zinakuwa njano, harufu inageuka kuwa ya mkate ulioko kwenye oveni, na makapi yanaanza kuchomoka. Rangi ikishakolea kuwa kahawia, kati ya dakika ya tisa na ya kumi na mbili, unasikia mlio wa kwanza, mzito, kama bisi zinavyopasuka. Punje inavimba na ule mstari wa katikati unafunguka. Ndani ya punje joto liko karibu nyuzi 200.

Kuanzia mlio huo usiangalie kitu kingine. Kahawa yako ya kuchuja itoe dakika moja na nusu au mbili baada ya mlio kuanza. Ya mzee endelea nayo mpaka mlio wa pili, ambao ni mwembamba na wa harakaharaka, karibu nyuzi 225, mafuta yakianza kung'aa juu ya punje. Ukisikia hivyo epua, mimina kwenye ungo, pepeta. Ungo unapoza na unaondoa makapi kwa wakati mmoja. Pepetea kibarazani, la sivyo utafagia nyumba nzima.

KikombeChaNairobi

Maelezo ya Mangi kuhusu milio ni sahihi kabisa. Kwa kahawa ya kuchuja lakini, mimi niko upande wa mashine ya bisi, na sababu ni hii: karai linapeleka joto kwa kugusana. Punje ya kahawa ina upande bapa, na upande huo ukilala kwenye chuma hata kidogo unapata doa jeusi. Punje mojamoja zenye doa zikisagwa na nzuri, uchungu wao unafunika uchachu wa matunda ambao ndio fahari ya arabika ya milimani. Mimi hukaanga SL28 ya Nyeri. Mbegu hii ilichaguliwa na Scott Laboratories hapa Kenya miaka ya 1930, na watu wanaipenda hadi leo kwa uchachu huohuo. Ukiiunguza, hakuna ulichonunua.

Kwenye hewa moto punje zinaruka na kuzunguka, joto linazifikia pande zote, makapi yanapeperushwa yenyewe. Weka bakuli pana mbele yatue humo.

Mambo mawili ya kuangalia. Nunua mashine ambayo hewa inaingilia ubavuni mwa kikombe chake, kwenye matundu yaliyoinama, ili punje zizunguke. Zile zenye wavu chini zinakusanya makapi karibu na waya wa moto, na makapi ni makavu, yanashika moto. La pili ni kiasi. Gramu 80 mpaka 100, basi. Watu wanadhani ukizidisha itachelewa kuiva, kumbe punje nyingi zinazuia hewa kutoka, joto linajikusanya na kahawa inaiva haraka zaidi.

Haraka ndiyo udhaifu wa chombo hiki. Kikiachiwa, kinafika mlio wa kwanza kwenye dakika ya tatu au ya nne, na kahawa ya namna hiyo nje imeiva, ndani bado ina ladha ya nyasi. Punguza punje, inamisha mashine kidogo, koroga kwa mpini wa mwiko mwanzoni. Ukifika mlio kwenye dakika ya tano au sita uko pazuri.

WaituBk (Bukoba)

Mnazungumza kana kwamba kahawa yote ni arabika. Dada, hata kama sasa una ya Moshi, mume wako anataka kahawa chungu, na mbele ya safari utataka kuchanganya robusta ya kwetu Kagera. Ina uzito mdomoni, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika.

Robusta yetu nyingi inakaushwa na maganda yake juani, haioshwi kama ya Kilimanjaro. Kwa hiyo makapi yake ni mengi na mlio wake wa kwanza ni hafifu. Kwenye mashine ya bisi inayovuma huusikii vizuri, na mtu asiyesikia mlio atakaanga kwa kubahatisha. Robusta inataka moto wa taratibu, ukoroge, unuse, usikilize. Karai au pipa. Mashine ya bisi kwa robusta siikubali.

KikombeChaNairobi

@WaituBk kuhusu kelele nakubali. Dawa yake ni mizani ya jikoni. Pima kabla, pima baada. Gramu 100 mbichi zikibaki kama 87, umekaanga kahawa nyepesi. Zikibaki 84 au 85 ni ya wastani. Zikishuka chini ya 82 ni nyeusi. Uzito haudanganyi, hata kama hukusikia kitu, na ukiandika kwenye daftari utaweza kurudia ile iliyokupendeza.

WaituBk (Bukoba)

Mizani inakuambia ulikofika, ndugu yangu. Haikuambii ugeuze njia ukiwa bado uko njiani. Lakini daftari naliunga mkono, hilo ni la muhimu kwa chombo chochote.

BarazaYaForodhani (Unguja)

Assalaam aleikum. Mimi nazungumzia kahawa chungu tu, maana naona mnaigusa kwa mbali.

Kahawa chungu ni ya karai. Huku kwetu hukaangwa mpaka iwe nyeusi, hutwangwa kwa kinu na mchi, kisha huchemshwa kwenye dele, lile birika la kahawa, juu ya mkaa na tangawizi iliyopondwa, wengine na iliki au mdalasini. Kahawa ya mashine ya bisi ukiichemsha namna hiyo inakuwa kali kwa uchachu, na tangawizi inauzidisha. Uchachu huo mnaousifu kwenye chujio, ndani ya dele ni kasoro. Kashata nayo inataka kahawa yenye uchungu uliotulia.

Ushauri wangu, bibie: usiisubiri ije kutoa mafuta mengi. Mlio wa pili ukianza tu, epua. Wengi wanaiacha mpaka moshi unakuwa wa buluu, wakitwanga wanapata mkaa. Na usiondoke jikoni kwa sababu yoyote, kwani baada ya mlio wa pili punje zinaweza kushika moto zenyewe.

PipaNaMkaa (Thika)

Nani atalitetea pipa kama si mimi? Pipa linakaanga nusu kilo kwa mara moja, na rangi inakuwa sawa kuliko karai kwa sababu punje haitulii mahali pamoja. Nililitengenezewa na mafundi wa jua kali pale Kamukunji: bati nene, mkono wa kuzungushia, na ndani wamechomelea mapezi mawili ya kuzigeuza punje. Bila mapezi hayo punje zinateleza tu chini na kuungua upande mmoja, kwa hiyo mwambie fundi mapema. Moto unaupunguza kwa kuliinua pipa juu ya mkaa, sio kwa kuzima.

Ila kwa ghorofa ya tatu sikushauri. Mkaa kwenye kibaraza cha kuanikia nguo ni moshi kwa jirani, na ukiingiza jiko ndani kwa kuogopa upepo, gesi ya mkaa inaua watu. Pipa ni la mwenye uwanja.

UghaibuniBaridi (Minnesota)

Nitasema kuhusu mashine za kuagiza. Ninayo Fresh Roast SR800. Ni ya hewa moto pia, lakini unapanga joto, kasi ya feni na muda, na inachukua mpaka gramu 226. Huku msimu wa baridi madirisha yamefungwa, nikakaangia karai ving'ora vya moshi vitalia jengo zima, kwa hiyo naiweka chini ya feni ya jiko.

Kikombe kinatoka kisafi mno. Tatizo kwako ni umeme. Mashine za soko la Marekani ni za volti 120, na huko nyumbani ni 230. Utahitaji transfoma ya kuhimili zaidi ya wati 1500, ambayo ni nzito na ya bei. Ukitaka kununua, tafuta iliyotengenezwa kwa volti 230 tangu kiwandani, Gene Café kwa mfano ina toleo hilo. Lakini kwa mtu anayeanza, fedha hiyo ni bora uinunulie kinu kizuri cha kusagia. Kahawa iliyokaangwa vizuri ikisagwa vibaya hutajua tofauti.

FundiWaya (Mwanza)

Naongezea la usalama. Kuna video zinazoshauri kuunganisha mashine ya bisi kwenye waya mrefu mwembamba ili umeme upungue na kahawa ichelewe kuiva. Msifanye. Mashine ile inakula wati 1000 na zaidi, waya mwembamba unapata joto, ukiwa umezungushwa kama roli ndio unayeyuka kabisa. Punguzeni punje kama alivyosema mkuu wa Nairobi.

BintiMaskati

Mnapolinganisha, msiisahau kahawa nyepesi. Huku Oman kahawa ya kukaribishia wageni hukaangwa kidogo tu, rangi yake hudhurungi hafifu, huchemshwa na iliki na pengine zafarani, na huletwa na tende. Inaishia kwenye mlio wa kwanza au kabla yake kidogo. Kikaango kipana cha chuma kwa moto mdogo kinaifanya vizuri, kwa sababu huna hamu ya kufika mbali, na moshi ni mdogo sana. Kwa aliyeko ghorofani ni kahawa isiyogombanisha na jirani.

BuniMbichi (Dar es Salaam)

Ahsanteni sana wote. Kwa nilivyowaelewa, chombo kinaamuliwa na namna ya kunywa. Kwa hiyo nachukua viwili: karai la chuma kwa kahawa chungu, ambalo nalipata hata kesho Kariakoo, na mashine ya bisi yenye matundu ya ubavuni kwa ajili ya chujio la asubuhi. Pipa na mashine ya kuagiza nimeviacha. Mizani ninayo.

Mangi, ikishapoa naiweka wapi? Na zile kilo zilizobaki mbichi zitakaa muda gani kwa joto la huku Pwani?

MangiWaKibosho (Moshi)

Iliyokaangwa inatoa hewa ya kaboni kwa wingi siku ya kwanza. Iweke kwenye kopo kavu na mfuniko uwe umelegezwa usiku huo, kesho yake ndio ufunge. Ya kuchemsha unaweza kuitwanga siku ya pili. Ya kuchuja iache siku tatu au nne, ukiichuja mapema unga unafura na maji hayapenyi vizuri. Itumie ndani ya wiki tatu. Kwenye friji usiiweke.

Mbichi inakaa mwaka ikiwa pakavu, lakini Dar unyevu ni mwingi. Kahawa safi inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 10 mpaka 12, ikipita hapo inaota ukungu. Toa kwenye kile kiroba, gawa kwenye mifuko minene ya nailoni, funga, weka ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na jiko na dirisha. Na usiiweke kabati moja na vitunguu au sabuni, buni mbichi inavuta harufu.