Mafundi wa AC, gesi "inatumika" kivipi? Tumechoka kupigwa

Wakuu habari. Leo nimekuja na hasira zangu, mtanivumilia.

Fundi yeyote wa viyoyozi aliyemo humu anijibu swali moja: gesi ya AC inatumika kivipi? Inaenda wapi? Maana siku hizi AC ikigoma kupoza tu, anayejiita fundi anafika, anashika bomba la nje kwa vidole viwili, anaguna, hukumu inatoka: "Gesi imeisha, bosi." Kifuniko hajafungua. Filta hajatoa. Hajauliza tatizo lilianza lini wala linatokea saa ngapi. Mtungi ameshauteremsha kwenye gari kabla hata hajakaribishwa ndani.

Yangu ilikuwa hivi. Ukiiwasha inapoza safi kabisa, ila ikishakaa saa kadhaa upepo unapungua mpaka unausikia kwa shida, na ukutani chini yake maji yanachuruzika. Ukiizima usiku kucha, kesho yake nzima. Shikeni hiyo dalili, nitairudia. Nikaita kampuni yenye sare na gari lenye maandishi ubavuni, nikijua hapo nimewakwepa vishoka. Thubutu!

Jamaa kafunga mpira wa geji kwenye valvu ya nje, kaachia "pssss" kidogo hewani, kisha anajaza huku kashika bomba nene kwa kiganja. Mizani hana. Kipimajoto hana. Nikamuuliza, kaka, unajuaje kama imetosha? "Mkono unajua, bosi. Uzoefu." Bomba likaanza kutoa jasho, akasema umeona, gesi imeshiba hiyo. Nikalipa.

Haikupita muda, mambo yaleyale. Napiga simu, bila hata aibu ananiambia: "Itakuwa gesi imetumika, bosi, joto hili mnawasha sana." Imetumika! Kama petroli! Akatumwa mwenzake, naye akaongeza. Safari hii ndiyo ikawa balaa, mashine ya nje inanguruma kwa taabu, inakwenda kidogo, breka inakata. Wakarudi na hukumu mpya: kompresa imekufa, nunua AC nyingine. Na kwa bahati nzuri, eti wao wanazo.

Sasa tuelewane. Gesi ya AC haichomwi wala hailiwi na chochote. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaibana, inatoka ya moto, nje inatupa joto na kuwa kimiminika, inapita kwenye tundu dogo, shinikizo linashuka, inaingia ndani ikiwa baridi, inachukua joto la chumba, inageuka gesi tena na kurudi kwenye kompresa. Mzunguko uleule miaka na miaka. Friji la jikoni linafanya kazi kwa mtindo huohuo, na hakuna mtu anayeliongezea gesi kila msimu wa joto. Kwa hiyo gesi ikipungua, kuna mahali panavuja. Anayejaza bila kutafuta panapovuja anakuwekea miadi ya kurudi, na bili juu.

Yangu wala haikuwa inavuja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilielekezwa kwa dada mmoja, fundi, anafanya kazi peke yake na begi lake. Kabla hajagusa mashine ya nje akaomba kiti, akapanda, akafungua uso wa AC, akatoa filta. Filta safi, naiosha mwenyewe. Akawasha tochi, akaniita: "Angalia nyuma yake." Zile sahani nyembamba za koili, yaani mabomba ya ndani inakopita gesi baridi, zilikuwa zimefunikwa na utando wa kijivu, vumbi jembamba lililopenya filta likagandamana na unyevu mpaka likawa kama blanketi. Kisha akamulika feni, ile ndefu yenye mabawa mengi madogo. Kila bawa limejaa uchafu, mkunjo wake hauonekani. Feni ya namna hiyo inazunguka kasi ileile lakini haisukumi kitu.

Hapo dalili yangu ikapata maana. Hewa isipopita ya kutosha, koili haipati joto la kuchukua, inashuka chini ya nyuzi 0, unyevu wa hewani unagandia juu yake. Barafu nayo inaziba njia iliyobaki, hewa inazidi kupungua, barafu inazidi kunenepa. Ndiyo maana upepo ulikufa baada ya saa kadhaa. Barafu ikianza kuyeyuka, trei ndogo ya chini haiwezi kuyabeba maji yote, yanamwagika ukutani. Ukiizima usiku, inayeyuka yote, asubuhi mashine nzima! Na hiyo ndiyo siri ya "uzoefu" wa yule bwana: AC ilikuwa imezimwa muda wote akihangaika na mipira yake, barafu ikayeyuka, alipowasha ikapoza, sifa akachukua yeye na mtungi wake.

Dada akafunga mfuko wa plastiki kuzunguka mashine, akaosha koili na feni, maji yaliyotoka ni meusi tii. Kisha akaenda nje, akabana waya kwa mita ya ampea. Umeme unaovutwa umezidi ulioandikwa kwenye kibati cha maelezo ya mashine. Akaitoa gesi yote kwa mashine yake, akaiingiza kwenye mtungi mtupu uliokaa juu ya mizani, tukasoma pamoja: uzito umepita ule wa kibati, tena mbali. Yaani wale wawili walikuwa wanajaza gesi kwenye mfumo ambao tayari umejaa. Shinikizo linapanda, kompresa inabeba mzigo usio wake, inachemka, kinga inakata. Halafu unaambiwa imekufa. Akavuta hewa kwa pampu ya vakyumu, akarudisha uzito ulioandikwa, basi. Kompresa "iliyokufa" inafanya kazi mpaka naandika hivi.

Kile kibati, wakuu, kakisomeni. Kipo ubavuni mwa mashine ya nje. Kinataja aina ya gesi na uzito wake kwa kilo au gramu, na ampea. Fundi anayejaza kwa kiganja wakati uzito umeandikwa mbele ya pua yake anacheza na mali yako. Mabomba yakiwa marefu kuliko kawaida kuna gramu za kuongeza kwa kila mita, na zenyewe zimeandikwa kwenye kitabu cha ufungaji. Hakuna ramli.

Na aina ya gesi si mapambo. R-22 ni ya zamani, inaharibu tabaka la ozoni, inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, R-32 na R-125 nusu kwa nusu, shinikizo lake liko juu kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na R-22, na inaingizwa ikiwa kimiminika ili mchanganyiko usiharibike. R-32 inaweza kushika moto, na R-290 ni propani, inawaka kweli. Sasa mtu anakuja na mtungi mmoja kwa AC zote za mtaa, ukimuuliza ni gesi gani anasema "gesi ya AC". Mungu atulinde. Na ile "pssss" ya kuachia hewani kama ya bure: kilo moja ya R-410A inapasha joto dunia zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dayoksaidi.

Kuvuja kweli kupo, sikatai. Ila kuna ushahidi wake. Kwenye nati za maungio utaona alama ya mafuta iliyonasa vumbi, kwa sababu gesi inatembea na mafuta ya kompresa. Bomba jembamba pale nje linaweza kuota barafu wakati mashine inafanya kazi. Fundi wa kweli anapaka povu la sabuni anatafuta mapovu, au anatoa gesi, anajaza naitrojeni na kuangalia kama geji inashuka. Akipata anaziba, anavuta vakyumu mpaka hewa na unyevu viishe, ndipo anapima gesi kwa mizani. Anayeruka kutoka "imepungua" hadi "nimejaza" karuka kazi yote uliyomlipia.

Uongo wa pili unaonichefua ni huo wa kompresa. Mashine ya nje ikinguruma bila kuanza kuzunguka, mara nyingi kwenye AC za kawaida zisizo za inveta (zile zinazobadilisha kasi ya kompresa) ni kapasita, kikopo kidogo cha bati kinachoipa mota msukumo wa kuanza, ambacho kikifa kinavimba kichwa. Kinapimwa kwa mita kwa dakika moja, kimeandikwa mikrofaradi zake. Kifaa kidogo kuliko ngumi, watu wanauziwa mashine nzima. (Msikipime wenyewe kama si kazi yenu. Kinabaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa.) Umeme ukiwa mdogo nao unaleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo fundi asiyepima volti kabla ya kutamka "kompresa" mwonyesheni mlango.

Wa tatu ni "bodi imeungua". Taa ikipepesa au herufi na namba zikitokea kwenye kioo, huo ni msimbo wa hitilafu, na maana yake iko kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kila chapa ina zake. Wakati mwingine ni kihisi joto tu, au waya wa mawasiliano kati ya ndani na nje umelegea kwenye skrubu. Fundi asiyefungua kitabu kamwambia nani kuwa bodi imeungua?

Kabla hujampigia mtu yeyote simu, angalia rimoti kama iko kwenye alama ya theluji na si ya feni. Osha filta. Ukiona maji na hakuna barafu, bomba la kutolea maji limeziba kwa utelezi au limepinda kwenda juu. Umeme ukikatika na kurudi, ipe AC dakika 3 au zaidi, kompresa nyingi zimewekewa uchelewesho wa makusudi. Kisha weka kipimajoto hewa inapoingia na inapotoka: tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12 hivi, AC yako inapoza, tatizo liko kwingine, labda jua, labda madirisha, labda mashine ni ndogo kwa chumba. Na kuweka 16 hakupozi haraka kuliko 24 kwa AC ya kawaida. Kompresa inawaka au inazima, haina gia.

NYONGEZA: Naona mmeuliza mengi, najibu machache.

Mnaoishi kwenye baridi na mnatumia AC kupashia joto: ikisimama kupuliza joto kwa dakika kadhaa na mashine ya nje inafuka mvuke, msimwite mtu. Inajiyeyushia barafu iliyoota nje, ni kazi yake. Akija fundi akasema gesi imeisha, mfukuzeni mara mbili. Wenye redieta za maji, ikiwa baridi juu na moto chini kuna hewa, inatolewa kwa ule ufunguo mdogo. Ikiwa baridi chini, ni tope. Ila hita ya gesi ikianza kuwaka moto wa njano badala ya bluu, zima, fungua madirisha, tokeni, na hapo ndipo umwite fundi mwenye leseni. Kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu wamelala. Kwa hilo msibane hela.

Aliyesema wateja ni wabahili ndiyo maana mafundi wanalipua kazi: mimi nililipa kila walichotaja, mara zote. Dada aliyefanya kazi yote ile alinitoza chini ya waliojaza upepo. Tafuta sababu nyingine.

Aliyeuliza kama anaweza kununua mtungi ajaze mwenyewe: hapana mkuu, utakuwa wa tatu kwenye orodha ya waliojaza bila mizani.

Mnaotaka nitaje kampuni, sitaji. Nimeshawapelekea barua na madai yangu ni mawili, warudishe hela ya gesi ambayo AC haikuihitaji, na kuanzia sasa risiti zao ziandike gramu zilizotoka na gramu zilizoingia. Wamenijibu eti mfumo wao wa risiti hauna sehemu ya gramu, una sehemu ya "kujaza gesi" tu.